Dar hadi Maskati: masaa sita kwenda, manne na nusu kurudi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 71, na Januari anakwenda Maskati kumwona dada yangu aliyejifungua. Hajawahi kupanda ndege. Tiketi inaonyesha anaondoka Dar es Salaam 16:15 na kufika Maskati 22:35. Kurudi, anaondoka Maskati 09:20 na kufika Dar 13:50, zote siku hiyo hiyo. Nikihesabu, kwenda ni masaa sita na dakika ishirini, kurudi manne na nusu. Ndege ya aina moja, njia moja, tofauti karibu masaa mawili! Wakala wa tiketi nilipomuuliza akasema "ni mambo ya upepo". Tena nikitafuta umbali mtandaoni napata 3,970, kwingine 2,467, kwingine 2,144, na ukurasa mmoja ukaniandikia 4,396. Ukweli ni upi, na mama atakaa kitini muda gani? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kuitwa mjomba. Mama atakaa ndani ya ndege masaa matano na dakika ishirini wakati wa kwenda, na masaa matano na nusu wakati wa kurudi. Tofauti ya kweli ni dakika kumi. Wakala wako hakusema uongo, upepo umo. Ila upepo umechangia dakika hizo kumi tu, tena kwa kuipunguza tofauti uliyoiona. Tofauti yenyewe imeletwa na saa ya ukutani.

Kabla sijaendelea, walimu wa Kiswahili hutukataza kusema "masaa matano", wanataka "saa tano". Wana haki yao. Lakini kwenye habari za usafiri "saa tano" inaweza kuwa muda wa kukaa kitini na inaweza kuwa saa tano asubuhi, na watu wameachwa na ndege kwa utata mdogo kuliko huo. Basi hapa muda nitauita masaa, na saa nitaiacha ikae ukutani. Wanisamehe.

Tiketi ya ndege huandikwa kwa saa ya mahali husika. 16:15 ni saa ya Dar, 22:35 ni saa ya Maskati, na Maskati wako mbele yetu kwa saa moja. Ndege ikitua, saa ya mkononi ambayo mama hakuigusa tangu Temeke itamwonyesha 21:35. Toa 16:15, inabaki 5:20. Kurudi vivyo hivyo: 09:20 ya Maskati ni 08:20 ya Dar, na kutoka hapo hadi 13:50 ni 5:30. Oman na Tanzania hazisogezi saa kwa majira kama wanavyofanya Ulaya, kwa hiyo hesabu hii haibadiliki Januari wala Julai.

Kuna njia ya mkato ninayowafundisha ndugu zangu wote, na haihitaji kujua saa ya nchi yoyote. Chukua muda wa kwenda kama unavyouona kwenye tiketi, jumlisha na wa kurudi, kisha gawa kwa mbili. Kwako ni 6:20 na 4:30, jumla 10:50, nusu yake 5:25. Saa iliyojiongeza kwenda imejipunguza kurudi, zimefutana, umebaki na muda wa kweli wa wastani. Jaribu kwa tiketi ya wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou. China iko mbele yetu kwa masaa matano, hivyo kwa macho ya tiketi kwenda huonekana kurefu kuliko kurudi kwa masaa kama kumi. Nimewahi kuulizwa na mtu mzima kabisa kama ndege ya kurudi huwa inateremka mlima.

Kwa nini saa moja? Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Dar iko karibu na nyuzi 39 mashariki, Maskati karibu na 58. Tofauti ni nyuzi 19, ambazo kwa mwendo wa jua ni dakika 76. Serikali haziwezi kuweka saa yenye dakika 76, zikakata kwenye 60. Dakika 16 zilizobaki hazikupotea, zimejificha kwenye saa yetu sisi. Saa ya Afrika Mashariki imepigwa kwa nyuzi 45, na Dar haifiki huko, kwa hiyo saa yetu huwa mbele ya jua kwa dakika ishirini na tatu hivi. Ndiyo maana adhana ya adhuhuri Dar hutoka saa sita imeshapita kwa dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi ya nusu saa. Maskati wako karibu na nyuzi zao 60, na saa yao inafuatana na jua vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye hatari ambayo hukuiuliza, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kilomita zote. Mama hasomi 16:15 kama unavyoisoma wewe. Kwake saa huanza kuhesabiwa alfajiri, saa moja asubuhi ni pale mashine inapoandika 07:00. Mwandikie kwa maneno, kwenye karatasi, mwandiko mkubwa: kuondoka Dar saa kumi na robo jioni, kufika Maskati saa nne na dakika thelathini na tano usiku. Ya kwenda haina balaa kubwa, kwa sababu 16:15 haifanani na saa yoyote ya Kiswahili, na mtu akiiona hujua kuna hesabu ya kufanya. Ya kurudi ndiyo mtego. 09:20! Mtu wa pwani akiona tisa na ishirini anasoma "saa tisa na dakika ishirini", na saa tisa ya mchana ni 15:00. Mama akiambiwa hivyo atakuwa bado anakunywa kahawa na majirani wa dada yako huku ndege iko juu ya Dhufari, kusini mwa Oman. Ndege hiyo ni ya saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Na huko Oman utata una tabaka la pili. Waswahili wa Maskati wengi wanaongea Kiswahili safi cha Unguja, lakini kazini na kwenye simu wanaishi na saa ya Kiarabu na ya Kiingereza, ambapo tisa ni tisa ya mashine. Mtu wa huko akikuambia "njoo saa tisa", muulize: tisa ya Kiswahili au ya kizungu? Usione haya. Ningekuwa wewe ningemwomba dada awe anatuma picha ya tiketi na kuandika maneno "asubuhi", "mchana", "usiku" kila mara.

Mtego wa aina hiyo mbaya kuliko wote ni wa ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema Jumanne 00:40, kwa mazungumzo yetu ya kawaida huo ni "Jumatatu usiku, saa sita na dakika arobaini". Familia moja ninayoifahamu ilikuja uwanjani Jumanne usiku na mabegi manne, samaki wa kukaanga, na mtoto amevalishwa koti la baridi. Ndege ilikuwa imeondoka karibu masaa ishirini na matatu yaliyopita. Lugha yetu ina dawa ya jambo hili, sema "usiku wa kuamkia Jumanne", hakuna atakayekosea. Mama yako safari hii amesalimika, maana ndege zake ni za jioni na asubuhi.

Kuhusu umbali, zile namba zako nne si za wapotoshaji. Tatu ni kitu kimoja kilichopimwa kwa fimbo tatu. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Maskati, ukinyoosha kamba juu ya mgongo wa dunia, ni kama kilomita 3,970. Kilomita hizo ni maili 2,467 za nchi kavu, zile za kilomita 1.609. Nazo ni maili 2,144 za baharini, zile za kilomita 1.852, ambazo marubani na manahodha hutumia hadi leo. Tatizo ni kwamba kurasa nyingi huandika "maili" bila kusema maili gani. Ukikuta namba mbili za maili zinapishana kwa kama asilimia 15, usihangaike, ni maili mbili tofauti. Utakutana pia na 3,955 au 3,960. Hizo zinatoka kwa wanaokumbuka kwamba dunia si mpira kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, na safari ya kwenda kaskazini hufupika kidogo kwa sababu hiyo. Kwa abiria ni tofauti ya dakika moja.

4,396 ni kitu kingine. Nikaipima nikakuta ni Dar hadi Addis Ababa, 1,763, ukijumlisha na Addis Ababa hadi Maskati, 2,633. Ukurasa ule ulikupa njia ya kuunganisha ndege. Angalia: kupitia Addis kunaongeza kilomita 400 na kidogo, nusu saa ya kuruka. Kupitia Doha huongeza zaidi kidogo, kama 550. Kilomita si shida ya safari za kuunganisha. Shida ni masaa ya kukaa kwenye benchi la uwanja wa tatu, kushuka, kukaguliwa tena, kutafuta geti. Kwa mama wa miaka 71 asiyewahi kusafiri, umefanya vizuri kumchukulia ndege ya moja kwa moja, hata kama nauli ilikuuma.

Kuna jambo kwenye ramani hii ambalo huwashangaza watu. Waulize Dubai na Maskati ipi iko karibu zaidi na Dar, wengi watasema Maskati, kwa kuwa iko kusini zaidi. Ukipima, tofauti haifiki kilomita ishirini. Maskati iko kusini kweli, lakini iko mashariki zaidi pia, na unachookoa upande mmoja unakilipa upande wa pili. Lakini ukitokea Unguja badala ya Dar unapunguza kama kilomita 60, ambazo ni dakika nne au tano.

Kamba hiyo iliyonyooshwa inapita wapi? Inatoka Dar ikielekea kaskazini-mashariki, inaziacha Unguja na Pemba upande wa kushoto, inapita mbali na Lamu baharini, inaingia Somalia kaskazini ya Kismayu, inakata nchi hiyo yote hadi pembe, inavuka Ghuba ya Aden, inagusa Mahra ya Yemen, kisha Dhufari karibu na Salala, na kutoka hapo ni jangwa la Oman hadi Maskati. Zaidi ya nusu ya njia iko juu ya nchi kavu. Watu hudhani ni bahari tupu kwa sababu babu zetu walikwenda kwa bahari.

Ndege halisi haifuati kamba hiyo. Inafuata njia za anga zenye majina, kama mabasi yanavyofuata barabara, na pale katikati kuna historia. Somalia iliposambaratika mwaka 1991 anga yake ilibaki bila mwenyewe. Miaka mingi ilisimamiwa kutoka Nairobi chini ya Umoja wa Mataifa, hadi usimamizi ukarudi Mogadishu mwishoni mwa mwaka 2017. Januari 2023 anga hiyo ikarudishiwa daraja A, maana yake ndege zilizo juu zinatenganishwa na waongozaji walio chini. Kabla ya hapo marubani walikuwa wanajitangaza wenyewe redioni kwenye masafa ya 126.9: sisi ni fulani, tuko mwinuko huu, tunapita hapa dakika hii, aliye karibu aseme. Wenzake waliomsikia ndio waliokuwa ulinzi wake. Yemen nako kuna vita, na kampuni mbalimbali zina masharti mbalimbali ya wapi ndege zao zipite na kwa mwinuko gani. Nyingine zinasogea baharini mashariki zaidi. Kwa hiyo kilomita zinazorukwa kweli huwa 4,050, siku nyingine 4,150 au zaidi. Mama akiangalia ile ramani ya kwenye skrini na kuona mstari umejikunja, asiwaze kwamba rubani amepotea.

Tukichukua 4,050, ndege ya aina ya Boeing 737, ambayo ni ya kawaida kwa njia ya urefu huu, husafiri ikishatulia juu kwa kama kilomita 840 kwa saa. Hiyo ni masaa manne na dakika 49. Lakini ndege haianzi na kasi hiyo. Hupanda kwa dakika ishirini na zaidi, na huanza kuteremka nusu saa kabla ya kutua, na huko kote iko polepole, ongeza dakika kumi hivi. Tumefika masaa matano kamili ya angani. Zilizobaki ni za ardhini. Muda ulioandikwa kwenye ratiba hauanzi ndege inapopaa. Unaanza pale kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu Dar na kuisha kabari zinapowekwa Maskati. Kujikokota hadi njia ya kurukia, kusubiri mwenzako atue, kisha kutembea tena kwa magurudumu hadi kwenye jengo la Maskati, zote hizo zimo. Dakika ishirini. Jumla, 5:20 ya tiketi yako. Ndege kubwa zaidi kama 787 hukimbia kama kilomita 900 kwa saa na ingeokoa takriban dakika ishirini.

Ukitaka kukadiria safari yoyote bila mashine, gawa kilomita kwa 800, ongeza nusu saa. Dar na Mwanza ni kama 850 kwa anga: saa moja na dakika chache, ongeza nusu saa, unapata saa moja na nusu, na ndivyo ndege za injini za jeti zinavyokwenda. Nairobi na Mombasa ni 420 hivi: unapata saa moja. Kwa Maskati, 3,970 inakupa masaa matano na dakika 28. Kwa ndege za mapanga kanuni hii haifai, hizo ni za polepole zaidi.

Na upepo? Hapa ndipo kazi yangu ilipokuwa tamu, miaka niliyokaa kwenye meza ya kupanga njia za ndege. Kila mtoto wa pwani anajua kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ikileta majahazi kutoka Manga na Bara Hindi. Kusi hugeuza mambo kuanzia Aprili na kuyarudisha. Safari ilikuwa wiki tatu au nne bahari ikiwa nzuri, na zaidi isipokuwa nzuri. Sayyid Said mwenyewe, aliyeifanya Unguja makao yake, alifia baharini mwaka 1856 akiwa katika safari hii hii, akitoka Maskati. Kwa mzee wa jahazi, kuondoka Dar kwenda Maskati mwezi wa Januari ni wazimu, upepo ni wa omo tupu, unakupiga usoni njia nzima.

Juu, kwenye kilomita 11, kalenda imegeuzwa. Januari, wakati kaskazi inawapulizia wavuvi wa Kunduchi, huko juu upande wa Arabuni kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Maskati huupata kwa nyuma na ubavuni katika theluthi ya mwisho ya safari. Wa tezi, angesema nahodha. Julai na Agosti, wakati kusi inasukuma majahazi kuelekea Oman, kule juu ya Pembe ya Afrika na kusini mwa Arabuni upepo huvuma kutoka mashariki, na ndege ile ile inakuwa na upepo wa omo. Jahazi na ndege, bahari moja, mwezi mmoja, na mmoja anasukumwa huku mwenzake anazuiwa. Chanzo ni kimoja. Joto la kiangazi juu ya bara la Asia huivuta hewa ya chini kuelekea huko, hewa hiyo hupanda, kisha juu kabisa inarudi ilikotoka.

Lakini upepo huo haugeuzi safari kuwa nyingine. Ndege inakwenda kaskazini zaidi kuliko mashariki, hivyo upepo wa magharibi au wa mashariki huikuta kwa mshazari na nguvu yake karibu nusu tu ndiyo inayohesabika. Katika njia hii unachopata ni dakika kumi, kumi na tano, siku ya ajabu ishirini. Ratiba yenyewe hupangwa kwa msimu mzima, na msimu wa majira ya baridi huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuishia Machi. Ndiyo zile dakika kumi zako: 5:20 kwenda, 5:30 kurudi. Ukimchukulia tiketi ya Julai mwakani huenda ukakuta zimebadilishana.

Usishangae pia rubani akitangaza "muda wetu wa kuruka leo ni masaa manne na dakika hamsini" na mama akafikiri amepewa ndege ya kasi. Ametaja muda wa angani tu, bila kabari. Na kama watachelewa kuondoka kwa dakika kumi na tano, mara nyingi watafika kwa wakati, kwa sababu kampuni huacha nafasi kidogo kwenye ratiba. Kuhusu mafuta, najua utakuwa umejiuliza: ndege ya njia hii hubeba ya safari, na asilimia tano juu yake, na ya kwenda uwanja mwingine kama Maskati pamefungwa, na nusu saa ya kuzunguka hewani baada ya hapo. Hakuna anayepima kwa kikombe.

Nikuongezee moja ambalo mama atauliza, kama anaswali. Ataondoka Dar saa kumi na robo, na Januari magharibi ya Dar huingia saa moja kasoro robo hivi. Lakini yeye anakimbilia mashariki, jua linamwacha haraka. Atakuwa juu ya Somalia, na jua litazama kwake kama saa kumi na mbili na robo kwa saa ya Dar, nusu saa mapema kuliko nyumbani. Lingezama mapema zaidi, ila mwinuko humrudishia dakika kumi na tatu hivi, maana aliye juu huona mbali nyuma ya upeo. Dada yako Maskati atakuwa ameshaswali magharibi zamani, kabla hata ndege haijafika ikweta. Mwombee mama kiti cha dirishani upande wa kushoto, nyuma ya bawa, na hapo ataona wekundu wote unavyokusanyika kwa nyuma. Afuate saa ipi katika swala, hilo nawaachia masheikh wake, mimi nampa jua lilipo.

Siku ya safari, mfikishe uwanjani saa saba na robo mchana, masaa matatu kabla. Kutoka Temeke si mbali, lakini barabara ya Nyerere mnaijua wenyewe. Kaunta za safari za nje hufungwa kwa kawaida saa moja kabla ya kuondoka, na saa moja hiyo haina mjadala. Omba kiti cha magurudumu siku mbili kabla, hata kama anatembea vizuri, kwa sababu anayekisukuma ndiye atakayempitisha kwenye foleni na kumfikisha getini bila mama kusoma bango hata moja. Masaa matano ni marefu kwa miguu ya mtu mzima, basi ainuke kila baada ya muda, anywe maji, na wakati wa kuteremka amung'unye pipi kwa ajili ya masikio.

Dada yako mwambie asifike uwanjani 22:35 akaanza kupiga simu kwa hofu. Baada ya kabari kuwekwa kuna kushuka, uhamiaji na mizigo, hesabu dakika arobaini hadi saa nzima. Mama akitokea mlangoni saa tano na nusu usiku ya Maskati, huku kwako Temeke itakuwa saa nne na nusu, na simu yake huenda itakuwa bado inasoma saa ya Dar mpaka mtu amshikie aiwashe upya.